Sega

"Vuta pumzi. Ishike hapo hapo. Usitikisike."
Miaka kumi na tisa nasema maneno haya
katika chumba kisicho na dirisha, Tabora mjini,
kwa madereva wa malori, kwa watoto waliomeza sarafu,
na leo kwa Nyanzala binti Kashindye,
aliyeletwa na mwanawe kutoka Sikonge
kwa shitaka moja tu:
khanga zake zimeanza kufagia sakafu.

"Khanga hazirefuki," kasema binti.
"Basi ni mama anayefupika."

Hakuanguka. Hana bendeji, hana kilio.
Cheti chake kina swali la daktari kwa wino wa buluu:
mfupa huu utavunjika?
Si umevunjika. Utavunjika.
Kana kwamba eksirei yangu inapiga ramli.

Ile mashine ya kupima ujazo wa mifupa hatuna.
Mimi nina kivuli na jicho,
na kivuli huchelewa kusema:
kikianza kuonyesha upungufu, theluthi imeshaondoka.
Nahesabu nyuzi za shingo ya paja,
yale matao membamba yanayobeba mwili:
la kwanza lipo, la pili limekatika katikati,
la tatu nalikisia tu,
kama njia ya porini baada ya masika.
Na pingili ya kumi na mbili ya mgongo
imebonyea mbele, debe lililokaliwa.
Mfupa mzima huwa mweupe.
Huu una rangi ya maji yaliyooshea mchele.

Alikuwa bado ameketi mezani.
Sikupaswa, lakini nikaiinua picha mbele ya taa, aone.
Mumewe alirina asali miaka arobaini misitu ya Ipole;
masega aliyakamua yeye.

"Nondo," akasema.
Nikadhani anasema vyuma, vile vya zege,
nikaanza kumweleza kwamba hajawekewa chuma chochote.
"Nondo, mwanangu. Wale wala nta.
Nyuki wamehama zamani. Hizi ni kuta tu."

Nikatafuta pa kumsahihisha. Sikupaona.

"Mzinga wa hivi, ukiwa bado juu ya mti, mnaufanyaje?"
"Hatuutingishi.
Unashushwa polepole, kwa kamba mbili,
na mtu mmoja chini asiyecheka."

Nitaandika ripoti kwa lugha ya kazi:
upungufu mkubwa, nyonga iko hatarini.
Daktari atampa vidonge, atamtajia dagaa, maziwa, jua la asubuhi,
atamkataza ndoo ya kichwani,
kichwa hicho kilichobeba marobota ya tumbaku
kabla mimi sijazaliwa.

Ikabaki kumshusha.
Ngazi moja ya chuma, haifiki hata shubiri mbili,
naikanyaga kila siku bila kuiona.
Leo ilikuwa korongo.
Binti akashika mkono wa kulia, mimi wa kushoto,
na mfagiaji wa zamu, aliyekuwa anapita na ufagio wake,
akauegemeza ukutani,
akasimama chini yetu.
Hakucheka.