Daftari la Vipimo

Bega kumi na tano. Kifua thelathini na nne.
Urefu, shingoni hadi kifundoni, hamsini na mbili.
Perusi, miaka kumi na tisa, wiki ya pili ya Kwaresma.
Chini yake hakuna kitu. Mistari mitupu,
na doa la mafuta ya cherehani.

Wanaoniuliza nawaambia walimchukua.
Si kweli. Nilimpeleka mimi,
kwa baiskeli ya marehemu baba yake,
kutoka Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, mpaka Pongwe,
yeye amekaa nyuma na Biblia mapajani
akinihesabia nguzo za umeme.
Nilikuwa mjane wa miezi minne. Kanisani kwetu
walinipa pole, na kilo mbili za sukari.
Watu wa Mlango Mwembamba walinipa kazi:
kanzu arobaini, rangi ya jivu, zisizo na mfuko,
kwa kuwa siku ile hatutabeba kitu.

Nilizishona bila malipo. Na niseme ukweli,
sijawahi kushona kwa furaha kama ile.
Tuliimba. Tulipika sufuria moja.
Hakuna aliyenidai kodi ya nyumba.
Mtumishi Yonazi alimpa binti yangu jina jipya, Shuhudia,
nami nikapiga vigelegele
utadhani naozesha.

Kisha Tumsifu, mtoto wa Naeli, akashikwa na homa.
Siku ya kwanza tuliomba. Siku ya pili tuliomba.
Bombo ni mwendo wa nusu saa kwa gari,
na lori la mkaa lilikuwa limesimama palepale,
dereva wake amelala ndani.
Siku ya tatu nikaletewa vipande vya jivu
vilivyobaki kwenye kanzu.
Sanda ya mtoto wa miaka minne haili kitambaa.
Sikuchukua vipimo. Nilikadiria kwa macho,
ikatosha,
na kule kutosha ndiko kulikonitoa.

Usiku nilimwamsha Perusi. Nikasema, twende.
Aliketi, akafunga kilemba chake taratibu,
nikadhani anajiandaa kwa safari.
"Nenda wewe, mama. Mimi nitakuombea."
Hakupaza sauti. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo:
alisema kwa upole, vile nilivyomfundisha
kusema na wagonjwa.

Mchuma janga hula na wa kwao.
Mimi nimechuma; anakula mwanangu,
na sahani hanipi.

Kwao aliyegeuka nyuma ni chumvi,
haangaliwi, hajibiwi. Miaka sita.
Barua zangu zimerudi na gundi yake.
Khanga niliyompelekea
nimeiona imefunika gunia.

Jumanne iliyopita, soko la Mgandini,
wanawake watatu wa rangi ya jivu wanauza makopa.
Wa katikati ni yeye.
Pindo la kanzu limeshonwa na mtu asiyejua pindo.
Nikapanga foleni kama mteja.
"Kilo moja," nikasema, na sauti ikatoka ya mtu mwingine.
Akapima. Mizani ikatulia.
Akaongeza kipande juu,
kama anavyoongezewa mtu yeyote,
au labda si yeyote. Tangu Jumanne
nabishana na cherehani juu ya kipande kile.
Chenji akaiweka juu ya gunia, si kiganjani mwangu.
Mkono wake wa kushoto ulishika kiuno
vile wanavyoshika wenye miezi saba.

Makopa sijayapika. Yako kwenye ungo, dirishani,
kile kipande nimekitenga.
Nimefungua daftari, nimechonga penseli.
Bega: kumi na tano vilevile.
Kiuno nimeshindwa kuandika.

Nina yadi mbili za bafta kutoka dukani kwa Kermali,
laini, nyeupe, haijafuliwa.
Sijui nani atanifikishia, wala kama itapokelewa.
Shati la mtoto mchanga halihitaji mfuko,
hana cha kutia.
Naanza na mfuko.