Orodha ya Mali ya Marehemu Obadia Thrale

Karani amekuja na chupa ya wino kifuani,
ndani ya koti, isigande.
Ni Machi, na theluji bado imekalia paa kama deni.
Ameomba meza. Meza ni ubao juu ya mapipa mawili,
na ndiyo ameiandika kwanza:
ubao mmoja, mapipa mawili, shilingi tatu.

Nimesimama kando ya moto wangu,
ambao tangu Jumanne si wangu.

Sufuria ya chuma, moja.
Ina ufa, nikamwambia.
Akaandika ufa, akapunguza bei,
hakuuliza umetoka wapi.
Ulitoka melini, wiki ya sita,
bahari ilipotubeba mzobemzobe
ikatubwaga upande ule ambao Mungu hakuwapo.

Kitanda. Blanketi, nusu.
Nusu ya pili iko chini.
Nilimviringishia Ithamari, miaka minne,
majira yale ya baridi ya kwanza.
Ardhi ilikuwa ngumu kama mkate wa baharia;
tuliwasha moto juu yake kutwa nzima
ndipo ikakubali kufumbua mdomo.
Tulimzika usiku, tukamwaga majani ya misonobari,
ili wanaotutazama kutoka msituni
wasijue tumebaki wangapi.

Shoka. Bunduki, kifyatuo kimevunjika.
Biblia.
Hapo Bwana Kettleby alifungua, akageuza, akasita:
panya wamemaliza Hesabu,
Kumbukumbu imebaki nzima.

Nguruwe jike, mmoja, yuko msituni, kama yu hai.

Shamba, ekari sita,
lililofyekwa na marehemu kwa mikono yake.

Niliguna. Akadhani nalia, akanisubiri.

Shamba lile tulilikuta.
Matuta yamekaa safu kwa safu, mabua makavu ya mahindi
yangali yamesimama, na hapana mtu.
Obadia alipiga magoti, akashukuru
kwamba tumefyekewa.
Mimi nilikanyaga mfupa wa mkono.
Mdogo.

Masika ya pili alikuja mwanamke, peke yake,
akasimama ukingoni
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Jina lake alinitajia mara tatu,
na mara tatu ulimi wangu ulilivunja.
Akainama. Samaki mmoja kila tuta,
kichwa kikiwa chini; mbegu juu yake;
na mahindi yakifika gotini, maharage,
yapande bua kama mtoto anayetafuta mgongo wa mama.
Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa shambani,
na mwenye shamba.
Husemwa mgeni aje, mwenyeji apone.
Tulikuja.
Kufikia mavuno alikuwa anakohoa,
na kikohozi kile nilikifahamu, kilikuwa chetu.

"Na hiki?"
Gamba la kombe, limefungwa kwenye mpini
kwa mshipa wa kulungu. Makali yake yamelika
upande mmoja, upande wa mkono wake;
alikuwa wa mashoto.
"Gamba," nikasema.
"Halina bei," akasema, akalisukuma kando
na maganda ya vitunguu.

Jumla paundi kumi na moja, shilingi nne.
Thuluthi kwa mjane,
kilichobaki kwa Zerubabeli, nduguye marehemu,
ambaye ana ng'ombe saba na hajawahi kutuandikia.

"Weka alama yako hapa."
Wengine huchora msalaba.
Nilichora nusu duara, na mstari mmoja wa mpini.
"Hiyo ndiyo M ya Mehitabeli?"
Nikasema ndiyo.

Alipovuka mto, barafu ikilalama chini ya farasi wake,
vichaka nyuma ya ghala vilitikisika.
Nguruwe.
Amekonda, sikio limechanika,
na nyuma yake watoto sita, hapana, saba.

Sikumwita karani.