Aliinama Vibaya

Chanzo cha ajali, fomu inauliza,
na mbele ya swali kuna mstari mmoja
mfupi kama kamba ya kiatu.
Msimamizi ameshaujaza kwa wino wa kijani:
Aliinama vibaya.

Hakuandika kwamba robota la katani
ni kilo mia mbili na hamsini,
kwamba husukumwa na watu wanne,
na Jumanne ile tulikuwa watatu;
wa nne, Kilua, katumwa kuosha gari la bosi.

Nilisikia kitu kikilia tka.
Nikadhani waya wa robota umekatika,
nikageuka kuutazama.
Sikugeuka.

Bombo nililala chali siku kumi na moja.
Daktari, kijana mpole, ananukia sabuni,
aliinua picha ya mgongo wangu kwenye mwanga wa dirisha:
pingili juu ya pingili,
mbili za chini zimebanana
kama wagomvi waliolazimishwa benchi moja.
Akaandika: ulemavu, asilimia kumi na mbili.

Kumi na mbili ya nini, daktari?
Nimeibeba hadi nyumbani, Barabara ya Kumi na Nne,
nimeigawa, haigawanyiki.
Ni kamba za viatu, anazonifunga Mwanahamisi
kapiga goti, hasemi neno, nami natazama dari?
Ni mjukuu anayeninyooshea mikono
nami namwambia, panda kitini kwanza?
Ni sijda? Naswali juu ya kiti cha plastiki,
safu ya mwisho, jirani na viatu,
paji langu limeusahau mkeka.
Hiyo nayo uliitia kwenye hesabu?

Fomu ilirudi. Jina halilingani na kitambulisho.
Karani kaandika Sindano.
Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini:
"Kakosea wapi? Si ndiyo inayokuchoma humo ndani?"
Nikacheka nami, nikajuta.
Kicheko nacho kinapita mgongoni.

Tena inataka shahidi.
Mbwego alikuwapo, lakini Mbwego ni kibarua,
jina lake huandikwa asubuhi kwa penseli,
jioni likafutwa.
Alikuja usiku, akala wali kwetu,
akaizungusha kalamu mpaka chai ikapoa.
"Kaka, nina mtoto wa wiki tatu."
Nikamwambia, nenda. Sikumlaumu.
Nilimlaumu kidogo.

Leo nimerudi ghalani na fomu mpya.
Vumbi la katani ni lile lile, koo likalitambua kabla yangu.
Dirisha la mhasibu limekatwa chini, usawa wa kiuno.
Miaka kumi na tisa, kila mwisho wa mwezi,
tuliinama pale kupokea jasho letu,
tukaona vidole tu na saa ya mkono.
Kumbe ndipo nilipofunzwa kuinama,
na pale hakuna aliyesema vibaya.

Nikasimama.
"Inama, mzee, naona mkanda tu," sauti ikasema.
Siinami, nikajibu. Imeandikwa.
Kimya. Kisha kiti kikakwaruza sakafu,
na mlango niliodhani ni ukuta ukafunguka.
Akatoka binti mfupi, miwani kwenye kamba;
nikamjua kwa saa yake.

Akaisoma fomu yote, hadi ule wino wa kijani.
Akanitazama, akautazama tena.
Hakusema pole. Aliigeuza karatasi,
akaibana ukutani kwa viganja viwili,
usawa wa kifua changu,
nafasi ya shahidi ingali nyeupe.

"Jina kamili?"
Singano, nikasema.
N, kisha G.
Subiri, nitaandika mwenyewe.