Kata ya Mtungi Huu

Oulu, mwezi wa Juni, jua limekataa kuzama.
Saa sita ya usiku limekaa juu ya paa la hospitali
kama mgeni asiyejua kuaga,
nami nimepanda kiti, nabandika karatasi nyeusi
kwenye dirisha la Bi Taimi Karppinen,
maana alfajiri atakunywa dawa
isiyopatana na mwanga.

"Miaka arobaini na mmoja nimepeleka barua," anasema,
"kwa baiskeli, kwa skii, sikufungua hata moja.
Leo mnataka kunifungua mimi."
Anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
Ule mwingine umeacha kumtii tangu Pasaka.

Kikombe ni kidogo. Unga umeyeyuka, maji hayana rangi.
Chachu, anasema, kama beri iliyochumwa kabla ya siku zake.
Anamaliza, anajipangusa kwa kiganja,
ananiuliza kama atang'aa.
Si wewe, namwambia. Ni mpangaji wako.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Kata yetu ni sindano,
mdomo wake haumezi punje ya mtama,
na mtungi huu umebeba nyumba zote za mtaa wa Tuira,
mbwa wakali kwa majina yao,
kikohozi cha marehemu Eino akivua viatu mlangoni.
Hukorogi humu.
Ukichota pasipopasa, umechana barua ya watu.

Daktari Hietala anahesabu milimita kwa midomo tu.
Sindano inarudi na kitu kama chenga ya mchele,
kijivu,
kinaweza kuwa chochote.

Kazi yangu ni kuzima taa.
Nikazizima. Nikawasha ile ya buluu.

Waridi.

Waridi iliyokoza, juu ya kigae cha kioo,
kama kaa lililopulizwa na mtu asiyeonekana.
"Ndicho," daktari akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha
ya aliyebisha hodi mlango ulio sawa
hata kama aliyemo ndani ni jambazi.
Hatutachota tena. Tuira imesalimika.
Nami nilifurahi. Naliandika hili nisije nikajisahaulisha:
nilifurahi kuiona rangi ile,
halafu, nikivua glavu, nikaona haya.

Jina kamili litatoka maabara, Alhamisi, labda Ijumaa.

Jioni, kama ni jioni, anafumbua macho.
"Kiling'aa?"
Kiling'aa.
"Rangi gani?"
Nikatafuta. Nikamwambia: kama stempu za zamani,
zile za marka moja.
Akanyamaza kitambo.
"Basi anwani ilikuwa sahihi," akasema,
akageuza uso ukutani.

Kona ya karatasi imeachia.
Uzi wa jua umelala juu ya shuka,
unatambaa kuelekea mkono wake.
Naukata kwa plasta.