Gunia la Kumi na Mbili

Mizani ya kliniki ya Tumbe ni ndoana na mfuko wa kitambaa,
haina tofauti na ya mnadani, ila hii hupima watoto.
Shaame wangu akaning'inia humo, miguu inapiga hewa,
kama kolekole mdogo asiyetaka kuuzwa,
na nesi Mkasi akatia nukta kwenye kadi,
nukta iliyoteleza kutoka kijani kuingia njano.

"Mnakula nini?"
"Samaki," nikajibu. Nani Tumbe asiyekula samaki?
"Samaki gani?"
Hapo nikatazama sakafu.

Maana samaki wa kwetu ni nguru siku ya mgeni,
kipande cha baba, mkia wa mama,
na mtoto hulowekewa wali kwa maji yake.
Siku nyingine ni muhogo na chumvi.

Nami kazi yangu ni dagaa.
Nawachemsha alfajiri, nawaanika juu ya vichanja,
nawageuza, nawafukuzia kunguru,
nawashindilia, nashona magunia kwa sindano ndefu kama kidole.
Kisha gari. Kisha Wete. Kisha bara, na huko mbele Kongo.
Watoto wa Kongo siwajui kwa majina,
lakini naijua mifupa yao:
ni mimi niliyeianika.

Nyumbani dagaa hawavuki kizingiti.
Mama mkwe wangu, Bi Time, asema
ni chakula cha kuku na cha mwenye madeni,
mwanawe hakuoa ili atazamwe na macho mia
kutoka sahani moja.

Nesi Mkasi hakunigombeza.
Alinishika mkono, akaunusa.
"Unanuka dawa," akasema, "na dawa yenyewe unaisafirisha."
Huyu humchambui miba, akaniambia, unamla mzima,
na uti wake ndio uti wa mwanao, ndio meno yatakayoota.
Kibua usimdharau kwa kuwa ni wa fungu:
mafuta yake hulisha moyo, na akili ya mtoto.
Changu ana nyama nyepesi, hata tumbo la mgonjwa humpokea.
Akanivuta kope ya chini, akatafuta wekundu, hakuuona.
"Wewe kula chaza, kula pweza. Damu yako imekuwa chai ya jana."
Na papa? nikauliza, maana papa nampenda.
"Papa mkubwa amekula wenziwe wengi,
na taka za wenziwe zimebaki naye.
Ukiwa na mimba, mpe salamu kwa mbali."
Akanirudishia kadi.
"Bahari haikumpa samaki mmoja kila kitu, Mize.
Ingekuwa hivyo ingeumba mmoja tu."

Siku hiyo niliiba. Niliiba vyangu mwenyewe,
konzi mbili kutoka gunia la kumi na mbili.
Nikawatwanga kinuni hadi wakawa vumbi la fedha,
vumbi nikalitia kwenye tui, na ndimu, na pilipili mbuzi.
Shaame akalamba kijiko hadi nyuma.
Bi Time akasema, "Leo mchuzi una mwenyewe,"
akaongeza upawa wa pili.

Siku ya nne nilishindwa kunyamaza.
Nikamwambia.
Hakutukana. Alikaa, mkono juu ya goti,
akitazama sahani kama mtu aliyeletewa barua ya zamani.
"Tulikuwa watoto saba," akasema.
"Hatukuwa na kingine. Asubuhi dagaa, usiku dagaa,
shuleni wakatuita paka.
Niliapa."
Kisha akafungua kinywa chake cha miaka sabini na mbili,
akanivuta karibu na taa.
"Hesabu."

Nikahesabu kwa kidole, juu na chini.
Yalikuwa yote.

Mwezi uliofuata nukta ya Shaame ilikuwa bado kwenye njano,
lakini imeinua kichwa, kiasi cha unene wa uzi.
Mnunuzi naye akahesabu magunia, akahesabu tena:
"Mize, mbona kumi na moja?"
Nikachomeka sindano kwenye ukingo wa kanga.
"La kumi na mbili," nikamwambia, "limepata mteja wa karibu."