Imeisha

Saa nne usiku, Kilimani, ghorofa ya sita.
Mlinzi amekwisha kuzima taa za ngazi.
Simu inatetemeka mezani, mara moja:
*Imeisha.*
Nyaboke hakuandika zaidi.

Ningempigia. Lakini mbele yangu kompaila nayo
imeshika kigeu nilichokiacha bila aina,
mstari wa arobaini na mbili,
nayo haibahatishi. Inauliza tu:
hiki, chochote kilicho, kina sifa ya kupangika?
Namba zinaitika. Majina yanaitika. Tarehe pia.
Wakiitika wengi ni kama hajaitika mtu.
Basi swali linawekwa kando, halifutwi,
kama risiti chini ya kikombe,
na macho yanashuka mstari unaofuata.

*Imeisha.* Hiyo "i" ya mwanzo si haba.
Maji yangekuwa yameisha. Unga, umeisha.
Kiberiti kingejisema chenyewe.
Imebaki gesi. Imebaki dawa ya kifua ya mtoto.
Imebaki kazi yake ya mkataba kule Viwandani.
Imebaki, naiwaza polepole, ndoa.

Swali huzaa swali: orodha inapangika
iwapo kilichomo kinapangika,
na kilichomo nacho kina vya ndani yake,
mpaka ufike chini, kwenye kitu kimoja
kisichomtegemea mtu.
Mstari wa hamsini na saba
nakijumlisha kigeu kile na senti.
Kumbe ni namba. Jibu linapanda kimyakimya,
na yote yaliyokuwa yakingoja
yanafunguka, moja likimvuta mwenzake.

Simu tena: *Kwa Osebe wamefunga. Nawasha jiko la makaa.*
Kazi haiuzwi kwa Osebe.
Dawa haipikiwi makaa.
Gesi! Nacheka peke yangu, kicheko kikubwa
kuliko mtungi wa kilo sita.

Ila iko mistari inayofika mwisho bila ushahidi.
Hapo kompaila haioni haya,
inasimama, inanyoosha kidole:
hapa, andika aina.
Mimi ndoa niliitaja upesi mno
miongoni mwa wagombea, na hakuna aliyeniuliza
niliitoa wapi.

Naandika: *Ni gesi tu, Nyaboke?*
Vitone vitatu vinacheza,
vinazimika,
vinacheza.