Kikohozi

Simu ililia saa tano, jua limekaa juu ya Changamwe
kama sufuria lililosahauliwa mekoni.
"Mjomba Lali, sikiza," akasema Saumu, shikamoo hakuna,
kisha akanyamaza, ikasema pikipiki.

Niliwapigia kelele madereva wa malori: zimeni!
Wa kwanza alicheka. Wa pili aliniona uso, akazima.
Wakazima wote, hadi yule wa kontena la Kampala,
na barabara ya bandarini, mara ya kwanza tangu niijue,
ikasikia kunguru wake.

Mimi na spana mkononi, Zambia sikioni.

Alikuwa wa miaka tisa aliponijia gerejini
na baiskeli isiyo na breki, goti likichuruzika.
Hakutaka dawa. Aliuliza kwa nini mnyororo huruka.
Nilimkatia utepe wa tyubu afunge nywele
zisije zikaliwa na gurudumu.
Tangu hapo hajavaa kibanio kingine.

Pikipiki ya kwanza tuliiokota vipande vipande:
fremu ya bodaboda aliyeangukia Makupa, tangi la kijani,
matairi ya mtu aliyehama bila kulipa kodi.
Jumapili, machimbo yakilala, tukavuka nayo hadi Utange.
Akaruka matuta ya kifusi, akarudi mweupe pe kwa vumbi la matumbawe,
macho mawili tu, na meno.
Mamake alinisusia. Idi mbili biriani ilipita mlangoni kwangu
ikaenda kwa jirani.

Nairobi, akiwa na kumi na mitano, tulichekwa.
Wenzake wana trela, wana mafundi wawili wawili,
wana mtu wa kuwashikia mwavuli.
Mwavuli wetu ulikuwa kofia yangu.
Injini ilikohoa kila mlima, plagi ikatoka nyeusi kama kahawa chungu,
akamaliza wa pili, ukihesabu kutoka nyuma.
"Imezoea hewa ya pwani," nilimwambia ndani ya basi, Mtito Andei, usiku,
"hewa nzito, ya kutafuna. Kule juu hewa haba, mafuta yanazidi.
Ni sawa na kumshindilia mgonjwa pilau."
Hakulia. Aliuliza: "Hupunguzwaje?"

Basi tukaanza kukusanya jeti,
tukazitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, kila moja na uzi wake:
mweupe Mombasa, mwekundu Nairobi, wa buluu Eldoret.
Akatoka wa sita. Akatoka wa pili. Akavunjika mtulinga,
akaniagiza nimpelekee kabureta wodini
aifungue kwa mkono mmoja.
Nesi alitufukuza kwa harufu ya petroli.
Mwaka huu wakamwita: jezi ya taifa, pasipoti, tiketi.
Tiketi moja.

"Umetia uzi gani?"
"Mwekundu."
"Kaza kidogo. Achia."
Nilifumba macho. Baada ya kuachia, nyuma kabisa,
palikuwa na mluzi mwembamba, kama wa mtu mwenye pengo.
"Si jeti. Mpira wa kabureta umepasuka, unavuta hewa ubavuni.
Ufunge na kitu."
"Kitu gani, mjomba? Zimebaki dakika kumi na moja."
Tukakaa kimya sote wawili, salio likiyeyuka.
Kisha nikamsikia anacheka,
nikasikia kofia ikivuliwa,
na simu ikakatika.

Madereva walingoja. Sijui walingoja nini, hawamjui.
Yule wa Kampala alizima hata redio.

Ujumbe uliingia alasiri:
*Wa saba. Tulikuwa thelathini na wawili. Utepe umeshika.
Nywele zimejaa udongo mwekundu, sijui zitaoshwa na nini.*

Jioni dadangu alisimama mlangoni, hakuingia.
"Wa saba ni mbali?"
"Ni karibu."
Akaweka sahani juu ya pipa la oili, akaenda zake.
Haikuwa Idi.
Nilikula kwa mikono ileile.